Friza imepata joto, king'ora kimya: kutafuta hitilafu za kengele kwenye kidhibiti joto cha maabara

Jumatatu asubuhi mtu anafungua friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kukuta sampuli zimeyeyuka. Kwenye uso wa kidhibiti taa ya ALM, yaani ya kengele, inawaka nyekundu, na huenda imewaka tangu Ijumaa usiku. King'ora kilichofungwa ukutani hakikutoa sauti. Kidhibiti kilijua, ila hakuna binadamu aliyejulishwa.

Nimeitwa kwenye maabara za namna hii mara nyingi, na ninapofika huambiwa, "Fundi, hiki kidude kimekufa." Mara nyingi kidude ni kizima. Hitilafu iko kwenye mpangilio uliowekwa siku ya kwanza na haukuguswa tena, au kwenye nyaya mbili zinazotoka mgongoni mwake. Naandika haya ili ukikutana na hali hiyo uifuatilie kwa dalili, usikimbilie kununua kidhibiti kipya.

Njia ya kengele ni ndefu. Kihisi kinapima, kidhibiti kinasoma na kulinganisha na kiwango, rilei (swichi ndogo ambayo kidhibiti huiendesha kwa umeme) inabadilika, saketi inafungwa, king'ora kinalia au simu inaita, mtu anasikia. Anza kuitazama njia hiyo katikati, kwenye taa ya ALM. Joto likiwa limevuka kiwango na taa haiwaki, shida iko upande wa kihisi na mipangilio. Taa ikiwa inawaka na king'ora kimya, upande huo uache. Tafuta kwenye rilei, nyaya na king'ora chenyewe.

Kabla ya bisibisi kugusa kitu, hamisha sampuli kwenye friza nyingine na piga picha ya kila ukurasa wa mipangilio. Halafu kumbuka kwamba kuzima kidhibiti hakuondoi umeme wote mgongoni mwake: terminali za rilei huenda zinapitisha volti 230 za king'ora zinazotoka kwenye swichi nyingine kabisa. Pima kwa mita kwanza, kisha shika.

Kengele inalia muda wote, na joto liko sawa

Hapa wa kwanza kushukiwa ni aina ya kengele. Vidhibiti vingi vina familia mbili. Kengele ya tofauti huhesabu kutoka kwenye joto ulilolenga: ukilenga 37 na kuweka 2, italia kwenye 39, na ukibadilisha lengo kuwa 44 itahamia yenyewe hadi 46. Kengele ya kiwango kamili haijali lengo: ukiweka 39 italia kwenye 39, lengo liwe lolote.

Ukichanganya hizi mbili, unapata makosa ya pande mbili. Aliyeandika 2 kwenye kengele ya kiwango kamili atasikia kelele mchana na usiku, kwa sababu inkubeta yenye nyuzi 37 imeivuka 2 zamani. Aliyeandika 39 kwenye kengele ya tofauti hatasikia chochote mpaka inkubeta ifike nyuzi 76. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, maana ukimya wake unafanana sana na amani.

Chukua mfano wa E5CC ya Omron, ambayo utaikuta kwenye inkubeta na oveni nyingi. Inatoka kiwandani ikiwa kwenye aina ya 2, yaani tofauti ya juu, na thamani ya kengele ni 0. Maana yake joto likifika tu kwenye lengo, kengele inawaka. Watu huona kifaa kipya kinalia wakadhani ni kibovu, wakakata waya wa king'ora. Dawa ni kuchagua aina: 8 kwa kiwango kamili cha juu, 9 kwa cha chini, au kubaki kwenye 2 na kuweka namba halisi.

Kwa friji na friza ninapendelea kiwango kamili. Chanjo haijui umelenga nini. Inajua 2 na 8 tu. Mtu akigusa lengo kwa bahati mbaya likawa 12, kengele ya tofauti itahama naye kimyakimya, ile ya kiwango kamili itapiga kelele. Kwa oveni au inkubeta ambayo lengo lake hubadilishwa kila wiki, kengele ya tofauti inafaa zaidi.

Kama kelele inatokea kila unapowasha kifaa asubuhi na kunyamaza baada ya nusu saa, hiyo ni kengele ya chini inayosema kweli: inkubeta bado haijapata joto. Tafuta mpangilio wa kusubiri, ambao huifanya kengele ilale mpaka joto liingie kwenye eneo salama mara moja. Kwenye E5CC ni aina ya 5, 6, 7, 10 na 11. Lakini usiuweke kwenye friza ya sampuli. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa kumi na moja, friza itakuwa na joto, na kengele ya kusubiri itakaa kimya ikingoja baridi irudi kwanza. Kwa sisi ambao umeme hukatika, hilo ni shimo lililofunikwa kwa majani.

Kengele inayowaka na kuzima kila sekunde chache ina shida nyingine. Joto limekaa palepale kwenye kiwango cha kengele na kucheza kidogo. Ongeza histeresisi, yaani pengo kati ya joto la kuwasha kengele na joto la kuizima. Pengo la nyuzi 0.2 ni dogo mno kwa friji, jaribu 0.5 au 1.

Inalia kila mlango ukifunguliwa

Dalili hii naomba tusiipite haraka, kwa sababu ndiyo inayofanya watu wachomoe kengele. Kihisi kinachoning'inia hewani ndani ya friji kinaona hewa ya moto ya mlangoni ndani ya sekunde, wakati chupa za dawa bado ziko kwenye nyuzi 5. Kengele haidanganyi, ila inazungumzia hewa na wewe unataka kujua habari za chupa.

Unaweza kukiingiza kihisi ndani ya chupa ndogo ya gliseroli, kikawa kinapoa na kupata joto taratibu kama dawa zenyewe. Unaweza pia kuweka muda wa kuchelewesha kengele. Kuhusu muda huo, tazama jinsi Shirika la Afya Duniani, WHO, lilivyopanga kengele za virekodi joto vya siku 30 vinavyowekwa kwenye friji za chanjo: juu ya nyuzi 8 hulia baada ya saa 10 mfululizo, lakini kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri au baridi zaidi hulia baada ya dakika 60. Pande mbili hazifanani kwa sababu madhara hayafanani. Chanjo nyingi huvumilia joto la saa kadhaa, ila chanjo ya homa ya ini B ikiganda imeharibika na hairudi. Kwa hiyo usiweke dakika zilezile juu na chini kwa kuwa tu zinapendeza macho. Jiulize kilichomo ndani kinaharibiwa na nini, na kwa kasi gani. Hizo saa 10 pia si za kunakili kwenye king'ora cha sampuli za damu au bakteria wa kumbukumbu. Ni za chanjo.

Friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zina hita ndani yake inayowaka kila baada ya saa kadhaa. Ukiona mlima uleule kwenye grafu kwa vipindi vinavyolingana, ndiyo hiyo. Ucheleweshaji utanyamazisha kengele, lakini sampuli zinaendelea kupanda na kushuka joto. Hapo dawa ni kubadilisha friza.

Joto linaruka, kidhibiti kinaonyesha S.ERR (kosa la kihisi), au namba haiaminiki

Kengele haiwezi kuwa na akili kuliko kihisi chake. Kama ni Pt100, yaani kihisi cha platinamu ambacho upinzani wake hubadilika na joto, zima kifaa, kichomoe kihisi na ukipime kwa mita kwenye omu. Kwenye barafu kinasoma omu 100.00, kwenye nyuzi 37 ni 114.38, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni 92.16. Kila nyuzi moja ni takriban omu 0.385. Mita ikionyesha njia wazi, waya umekatika, mara nyingi pale unapopindwa na bawaba ya mlango. Ikionyesha karibu sifuri, nyaya zimegusana.

Pt100 yenye nyaya tatu kwa kawaida ina nyekundu mbili na nyeupe moja. Kati ya nyekundu na nyekundu unapaswa kupata karibu sifuri. Nyekundu ya pili ipo ili kidhibiti kijue upinzani wa waya na kuutoa. Fundi akikosa kebo ya nyaya tatu akarefusha kwa nyaya mbili na kuunganisha terminali mbili kwa kipande kifupi, ule upinzani unageuka joto la uongo. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kwenda na kurudi mita 20, una takriban omu 0.7. Hiyo ni karibu nyuzi 1.8 za nyongeza. Kwenye friji ya 2 hadi 8, kidhibiti kinaonyesha 4 wakati ndani ni 2.2, na mtu anasifu friji yake.

Thamokapo, kihisi cha nyaya mbili za metali tofauti, ya aina ya K ina mtego wa rangi. Kwa mfumo wa IEC, wa viwango vya kimataifa vya umeme, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Kwa mfumo wa Kimarekani njano ni chanya na nyekundu ni hasi. Mtu aliyezoea nyekundu kuwa chanya atafunga kinyume bila wasiwasi wowote. Dalili yake ni rahisi: shika ncha kwa vidole, na namba inashuka badala ya kupanda.

Namba ikicheza kila kompresa inapowaka, angalia kama waya wa kihisi umefungwa pamoja na waya wa umeme kwenye bomba moja. Utenganishe. Kama una ganda la kinga, liunganishe na ardhi upande mmoja tu, ule wa kidhibiti.

Kuna swali moja zaidi ambalo watu husahau: kihisi kikikatika, kidhibiti kinaelekea wapi? Vingine hupeleka namba juu kabisa, vingine chini, na kwa vingine unachagua. Friza yenye kengele ya juu pekee na kidhibiti kinachoelekea chini, kihisi kikikatika haitalia. Chomoa waya mmoja wa kihisi uone kinachotokea. Ni jaribio la dakika moja.

Taa ya ALM inawaka, king'ora kimya

Kosa ninalolikuta kuliko yote ni mtu kuunganisha king'ora moja kwa moja kwenye terminali mbili za kengele na kusubiri kilie. Rilei ya kidhibiti haina umeme wake. Ni swichi tu, kama ile ya taa ukutani. Lazima ulete umeme kutoka kwenye chanzo kingine, uupitishe kwenye rilei, ufike kwenye king'ora, urudi.

Pima hivi. Zima umeme wa king'ora, chomoa nyaya zake kwenye rilei, weka mita kwenye mlio, kisha lazimisha kengele kwa kushusha kiwango. Kati ya COM (ncha ya pamoja) na NO (ncha iliyo wazi rilei ikiwa imepumzika) unapaswa kusikia mlio wakati wa kengele. Kati ya COM na NC (ncha iliyofungwa rilei ikiwa imepumzika) unapaswa kuusikia wakati wa salama. Ukiupata kinyume, huenda mipangilio imegeuzwa ili rilei ishikwe wakati wa salama na kuachiwa wakati wa kengele. Usikimbilie kuirudisha. Aliyefanya hivyo huenda alikuwa na akili: rilei iliyoshikwa huachia umeme unapokatika, kwa hiyo kukatika kwa umeme nako kunakuwa kengele. Huo ndio mpangilio ninaopendekeza kwa friza yoyote yenye kitu kisichoweza kununuliwa tena. King'ora chake kiwe na betri, ile ya volti 12 ya aina ya mifumo ya ulinzi, maana king'ora cha umeme wa ukutani hakiwezi kutangaza kwamba umeme wa ukutani umekatika.

Rilei ikiwa haibadiliki kabisa na taa inawaka, angalia kama kengele namba 1 imepangiwa terminali unazopima. Kwenye vidhibiti vingi kengele ni jambo moja na terminali ni jambo jingine, na wewe ndiye unayeziunganisha kwenye menyu.

Rilei ikibadilika vizuri kwenye mita lakini ishara haifiki kwenye kifaa cha kupiga simu, huenda mkondo ni mdogo mno. Rilei ndogo nyingi hutaka angalau miliampea 10 kwa volti 5 ili ncha zake zisizibwe na utando wa oksidi. Ukizipitishia chini ya hapo, leo zitafanya kazi na baada ya miezi zitaanza kukosa. Weka rilei ya kati yenye ncha za dhahabu.

Na ile inayotuma ujumbe kwa laini ya simu: angalia salio. Nasema hili kwa uchungu. Saketi nzima inaweza kuwa salama, nyaya safi, betri imejaa, na ujumbe usitoke kwa sababu vocha iliisha au laini ilifungwa kwa kutotumika. Mpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina, na kifaa kitume ujumbe wa "mzima" kila siku. Ujumbe usipofika, hiyo yenyewe ni kengele.

Taa ya ALM imezimika, lakini taa ya nje inawaka kwa unyonge

Hii inawachanganya hata mafundi. Sambamba na ncha za rilei mara nyingine kumefungwa rezista na kapasita ili kuzima cheche. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye volti 230 za hezi 50 hupitisha karibu miliampea 7 hata rilei ikiwa wazi. Balbu ya zamani isingejali. Taa ya LED itawaka hafifu, na rilei ndogo ya nje inaweza kubaki imeshikwa. Hamishia kinga hiyo kwenye koili ya kifaa kinachoendeshwa. Kwa koili ya umeme wa moja kwa moja, diodi moja ya 1N4007 iliyofungwa kinyume inatosha.

Lakini kama king'ora kinalia kwa nguvu zote na taa imezimika, ncha zimeungana kwa cheche. Hakuna mpangilio utakaozitenganisha. Badilisha rilei, na safari hii weka ile kinga.

Ishara ya dijitali inayoingia haisikiki, au kidhibiti kinasimama chenyewe

Swichi ya mlango au kitufe cha kunyamazisha king'ora huingia kwenye kidhibiti kama ishara ya dijitali. Kwanza soma mchoro ujue ingizo lako linataka nini. Lingine linataka swichi kavu, yaani nyaya mbili zinazogusana bila umeme wowote. Ukilipelekea volti 24 unaweza kuliua. Lingine linataka volti 24 kutoka nje, na swichi kavu pekee hailifanyi chochote. Kwa maingizo ya volti 24 ya aina ya 1 ya IEC 61131-2, hadi volti 5 ni zima na kuanzia volti 15 ni washa. Ndiyo maana kifaa kidogo kinachotoa volti 5 hakisikiki: volti zake bado ziko upande wa zima.

Kama kinachotuma ni transista, kuna PNP inayosukuma volti 24 na NPN inayovuta kwenda sifuri. Ingizo la namna moja mara nyingi halisikii ya namna nyingine. Pia sifuri za vifaa viwili lazima ziunganishwe, la sivyo volti 24 za hiki si volti 24 za kile.

Kidhibiti kikisimama chenyewe usiku na kuanza tena, angalia kama ingizo limepangiwa kazi ya kusimamisha na kuendesha. Waya mrefu ulioachwa wazi upande mmoja hufanya kazi kama antena, na kila kontakta (rilei kubwa ya umeme mkubwa) inapobadilika karibu yake ingizo linaona ishara. Ingizo usilolitumia lipangie "hakuna kazi", kisha uondoe waya.

Kompyuta inaonyesha nyuzi 6533.6

Hii ni dalili nzuri, maana mawasiliano yapo. Modbus, lugha ambayo kidhibiti hutumia kuzungumza na kompyuta, hubeba namba za biti 16. Nyuzi 20.0 chini ya sifuri husafiri kama −200, na programu isiyojua alama ya hasi huisoma kuwa 65336. Iambie isome namba yenye alama na igawanye kwa 10. Thamani ikionekana ni ya kitu kingine kabisa, jaribu rejista moja nyuma au mbele; vitabu vingine huanza kuhesabu kwenye 0, vingine kwenye 1.

Kimya kabisa? Badilishana nyaya mbili za mawasiliano, A na B, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na hakuna kinachoungua. Hakikisha kasi, pariti na anwani vinalingana, na kwamba vidhibiti viwili havina anwani moja. Kwenye waya mrefu weka rezista ya omu 120 kila mwisho, si kwenye kila kifaa.

Hatari kubwa iko mahali pengine. Programu nyingi, waya ukichomoka, huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa. Skrini inasema nyuzi 20 chini ya sifuri, kijani, tulivu, na friza imezimika tangu jana. Chomoa waya ukiwa umesimama mbele ya skrini. Isipolalamika ndani ya dakika chache, tafuta mpangilio wa kengele ya kupotea kwa mawasiliano.

Kujaribu baada ya kurekebisha

Kushusha kiwango cha kengele ili kilie kunajaribu nusu tu ya njia. Jaribio kamili linaanzia kwenye kihisi: kitoe, kishike mkononi, subiri mpaka simu ya mtu wa zamu iite. Kisha zima umeme wa ukutani, usubiri tena. Fanya hivyo usiku au mwishoni mwa juma angalau mara moja, wakati ambapo jengo halina watu.

Ukitaka kuhakiki kihisi, tumia barafu iliyopondwa na maji kidogo ndani ya chupa ya chai. Ni nyuzi 0 popote ulipo. Maji yanayochemka hayafai. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, yanachemka kwenye takriban nyuzi 94, na nimewahi kuona kihisi kizuri kikisahihishwa kwa nyuzi 6 kwa sababu hiyo.

Kwa inkubeta na oveni ongeza kitu kimoja. Rilei ya semikondakta inayoendesha hita ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefungwa, na hita haizimiki tena hata kidhibiti kiamuru. Kengele italia, ila haiwezi kuzima chochote. Pitisha umeme wa hita kwenye kontakta inayokatwa na kidhibiti kikomo cha pili chenye kihisi chake mwenyewe.

Ukimaliza, rudisha kila thamani uliyoibadilisha ukilinganisha na zile picha za mwanzo, na bandika mlangoni karatasi yenye kiwango cha juu, cha chini, muda wa kuchelewesha na tarehe ya jaribio. Angalia mara ya mwisho kabla ya kuondoka kwamba kitufe cha kunyamazisha hukukiacha kimebonyezwa.